Hatua Tatu Kufika Langoni

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Asembo Bay na ninyi mliotoka Kisumu, mimi ni Anyango, na hii ni historia ya mdogo wangu Adero, ambayo kamati ya mazishi iliniomba niifupishe, lakini maisha yenyewe yalikuwa mafupi ya kutosha.

Adero alizaliwa tarehe 9 Machi 1978 hapa nyumbani, mtoto wa tatu wa Mzee Dalmas na Mama Selpha, baada ya uchungu wa siku mbili, na hakulia. Alikuwa na mtindio wa ubongo, jina tulilolijua miaka sita baadaye. Kabla ya hapo majirani walikuwa na majina yao, na Baba akapanda ua wa minyaa mpaka ukatupita vichwa, akisema ni kwa sababu ya mbuzi. Hatukuwa na mbuzi.

Mwaka 1984 Bwana Nicodemus Shitanda, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alianza kuja kutoka Kisumu kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, akitandika mikeka kwenye banda la samaki, na Mama akampeleka Adero mgongoni, amefunikwa leso. Ni Bwana Shitanda aliyemwambia Baba achimbie fito za kuanikia nyavu hapa uani, safu mbili, Adero ashikilie akitembea, na Baba akazichimbia. Kutoka mlangoni hadi langoni ni hatua ishirini na mbili, na Adero aliapa kwamba siku moja atatoka hapa kwa miguu yake.

Aliingia darasa la kwanza mwaka 1988, akipelekwa kwa baiskeli, akaishia la tano, mwalimu mkuu aliposema darasa la sita liko mbali na choo.

Kazi yake ilikuwa kufundisha. Bwana Shitanda alimkalisha mbele ya akina mama wapya wenye watoto kama yeye awaelekeze, naye hakuwa na huruma: "Mama, nyoosha huo mguu, mtoto si yai!"

Desemba 1992 Adero alifika hatua ya kumi na tisa kuelekea langoni. Mwaka uliofuata mradi uliomleta Bwana Shitanda ukaisha, gari likaacha kuja, naye akahamishwa, na tukapokea barua nzuri sana iliyosema jamii sasa inaweza kujiendeleza. Mama alijiendeleza peke yake mpaka mgongo ukakataa, magoti ya Adero yakakunjana, na mimi nilikuwa chuo kikuu nikiandika insha kuhusu maendeleo ya vijijini. Lakini akina mama waliendelea kumjia, kila Alhamisi ya kwanza.

Hakuolewa, hakujaliwa mtoto.

Juni mwaka huu alipata nimonia, akalazwa Kisumu, akatuacha Alhamisi tarehe 4 Julai 1996, akina mama wanne wakiwa wameketi hapa uani na watoto wao, wakingoja habari zake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta maji na kuni, walimu wenzangu, na Bwana Shitanda, aliyekuja leo bila kutumwa na mradi wowote.

Wazee, mmeamua kwamba binti ambaye hakuolewa azikwe nje ya boma, na apitishwe kwenye tundu lililokatwa kwenye ua wa minyaa nyuma ya jiko. Nje nakubali, alitaka kutoka. Tundu, hapana. Asubuhi hii Baba alichukua panga, akakata minyaa pande zote mbili za lango mpaka likatosha kupitisha jeneza na wabebaji, na alipoulizwa akajibu, "Ua huu niliupanda mimi."

Kwa hiyo wabebaji mtapita katikati ya zile fito, na mkifika hatua ya kumi na tisa msimame kidogo, halafu mmalizie zile tatu polepole.

Adero, ukishafika nje, pumzika kwa amani.