Chupa ya Bi Somoe

"Hospitali waliniambia niwapelekee mkojo wa mume wangu wa kutwa nzima," Bi Somoe alimwambia nesi aliyekaa naye kwenye basi la Temeke. "Mie nikaumwaga, nikaiosha chupa mpaka ikang'aa. Nimpe daktari najisi mkononi?"

Nyuma yao Polikarpo, mchonga vinyago, alitega sikio. Nesi hakucheka. "Bibi, figo mbili za mumeo, kila moja kama ngumi, zinachuja damu yote, hata akilala. Bila huo mkojo tutajuaje kama bado zinafanya kazi?"

Polikarpo akakunja ngumi, akaitazama. Miaka ishirini anachonga watu, kumbe hajawahi kufika ndani.

Basi likasimama. "Najisi ni najisi tu," akasema Bi Somoe, akashuka, ile chupa tupu kaikumbatia kwa mikono miwili.