Jina la Kirimiri Lina Mwenyewe

Sogeeni, wanangu. Mutegi, acha kusimama kama askari wa zamu, kaa chini hapo na mdogo wako Nyamu. Na wewe Cicily, mke wa ndugu yangu, toka mlangoni uje ukae hapa kitandani na binti yako Wambeti, maana nitakayoyasema leo yanakuhusu wewe kuliko yanavyowahusu hawa. Pumzi yangu imebaki kidogo, kwa hiyo asinikatize mtu.

Sikilizeni. Mnataka kuandikisha kampuni ya kinu chetu cha posho hapa Karurumo, na jina mlilolipenda ni Njuki na Wanawe. Zuri, lina jina langu, nani asingependa? Lakini ndani ya jina hilo nyumba ya ndugu yangu Mbaka haina pa kukaa, na mlijua hivyo mlipolichagua. Ndiyo sababu nilisema kwanza nendeni Nairobi mkaulize kama jina la Kirimiri liko huru, maana hilo ndilo tulilolichinjia mbuzi mimi na baba yenu mdogo. Mutegi alinung'unika siku nzima, kisha akaomba pasi ya kusafiri, akaenda, na jana mchana akarudi.

Wambeti, wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako tulipoanza, kwa hiyo nitaeleza. Kwetu mtoto huitwa jina la babu yake, wazee wakalisikia, watu wakala, basi, jina ni lake. Nasi, mimi na Mbaka, tukadhani kinu nacho ni mtoto. Tukamwita fundi akatuandikia KIRIMIRI kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha mwerezi, jina la kilima kile tulichochungia mbuzi tukiwa wadogo, mama yetu akakitemea asali kukibariki, mbuzi akaliwa hadi kwato. Ndipo tukaenda kwa furaha kumwambia karani mmoja kule Embu, naye akatucheka mpaka akavua miwani. Akasema, wazee, mmekula mbuzi wa watu. Jina huulizwa Nairobi kwanza, kama kuna mwingine analo au halina mwenyewe, na likiwa huru unaliandikisha, ndipo unapaka rangi.

Ilikuwa niende mimi, niliye mkubwa. Lakini ile Aprili ya hamsini na nne wazungu walikuwa wanatuchimbisha handaki kando ya msitu, la kuwazuia wapiganaji, na mguu wangu ulikuwa umevunjikia humo, basi Mbaka akachukua pasi akasema anakwenda yeye. Alikula githeri palepale ulipokaa, Nyamu. Akaniambia, kaka, wakisema jina lina mwenyewe, huyo mbuzi tutamtapika vipi? Akacheka peke yake mpaka barabarani. Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho masikioni mwangu.

Wiki hiyo wanajeshi waliifunga Nairobi, wakawazoa watu wetu, Wakikuyu, Waembu, Wameru, aliye na pasi na asiye nayo, wakawapakia malorini. Mwaka uliofuata kijana aliyeachiliwa alipita hapa akasema Mbaka alikufa kwa tumbo kwenye kambi ya huko nyikani, wakamfukia hukohuko. Hatukumwona, hatukumzika. Mimi nilikigeuza kile kibao kikatazama ukuta wa ghala, na sikuwahi kukigeuza tena, hata tulipopata injini na kinu kikaanza kusaga.

Kisha Runji, jirani yetu mwenye mdomo, akaanza maneno yake. Eti Mbaka hakufika ofisi yoyote. Eti alikamatwa kwenye nyumba ya pombe, kazi aliyotumwa ameitupa. Nanyi wanangu mkayameza maneno hayo kwa sababu yaliwafaa. Mbaka hakufanya lolote kwa kinu hiki, ndivyo mlivyosema mbele ya mjane wake, huku yeye anawashonea magunia. Nami sikuwaamini, ila ushahidi sikuwa nao. Nimeumia, Cicily. Miaka yote hii nimejiuliza kama ndugu yangu alifia njiani, bure kabisa, kwa ajili ya kibao.

Basi jana Mutegi anaingia na vumbi lake, anasema, baba, tumewahiwa, Kirimiri ina mwenyewe. Ulifurahi, mwanangu, nilikuona. Nikakuuliza, ni nani? Ukasema karani ametazama akakuambia limeandikishwa Aprili ya hamsini na nne na mtu wa Karurumo, zaidi hukuuliza. Cicily alikuwa ananimiminia uji. Kibuyu kilimponyoka, akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya habari za kifo. Yeye alielewa kabla yangu. Mtu gani mwingine wa Karurumo alitoka hapa na pasi ya Nairobi Aprili ile? Hakuna. Alikuwa mmoja tu.

Alifika, wanangu. Alifika ofisini, akauliza, akaliandikisha, ndipo akatoka nje akakutana na malori. Hakutumwa bure.

Kwa hiyo msitafute jina lingine. Mutegi, utarudi Nairobi na Cicily, mseme ninyi ndio jamaa za yule mtu wa Karurumo, na kinu kiandikwe nusu nyumba yangu, nusu nyumba ya Mbaka, na mkisikia jina la Njuki na Wanawe likitajwa tena mjue mnanitukana kaburini. Shamba la bondeni ni la Nyamu. Ng'ombe mwekundu ni wa Wambeti, na ndama wake. Runji mwiteni kwenye mazishi yangu, mpeni nyama nzuri ashibe, kisha Mutegi, kwa kinywa chako, umwambie mbele ya watu Mbaka alifika wapi. Usimtukane. Mwambie tu.

Mkinizika, chimbeni na kaburi la pili kando yangu, dogo. Wekeni humo koti lake, Cicily analo. Naye awe amezikwa kwao.

Leteni viganja niwatemee baraka. Mate yangu ni haba, gawaneni. Mzae, mvune, mvua iwakute mmeshapanda. Msinyimane. Cicily, nawe, lete mkono.

Sasa nendeni mkakigeuze kile kibao. Futeni buibui. Wewe Wambeti unajua kusoma... soma kwa sauti, nisikie kutoka hapa.

Ah. Mnalia.

Soma, binti wa Mbaka.

Ndiyo. Tena.

Mutegi, misumari iko... kwenye kopo. Pigilia juu ya mlango. Juu zaidi, Mbaka aone akitokea barabarani.

Nasikia nyundo. Msiache... nasikia.