Shangazi Aliyesoma Mtihani kwa Sauti

Ifikapo tarehe thelathini Juni, karani mkuu wa ofisi yetu ya mitihani atastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wahadhiri, wapishi na hata mkuu wa chuo humwita Shangazi, na hakuna anayekumbuka nani alianza.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhesabu madawati. Akapanda hadi kukabidhiwa funguo za stoo ya karatasi za maswali, na tangu siku hiyo haukuvuja mtihani hata mmoja. Wasimamizi wenye viatu vinavyolia aliwaamuru wavivue mlangoni, wakazunguka ukumbini kwa soksi. Saa ya ukutani hakuiamini; alikuja na yake ya kengele, ambayo mwaka mmoja ililia katikati ya hotuba ya mkuu wa chuo. Mkuu akaketi, akidhani muda wake umekwisha.

Nimeombwa niandike mambo mepesi katika jarida hili, na hayo ndiyo mepesi.

Miaka tisa iliyopita alijiunga na chuo chetu binti wa fani ya umeme, mtoto wa fundi cherehani. Mota iliyoungua aliitambua kwa kuinusa tu, lakini akifungua karatasi herufi zilimchanganyikia, mstari mmoja akausoma mara nne. Daktari aliandika wazi kwamba ni ulemavu wa kujifunza, si uvivu wala upungufu wa akili. Mhadhiri wake mmoja alimwita mvivu mbele ya wenzake hata hivyo. Alikuwa ameshafeli mara mbili, na akifeli ya tatu anafukuzwa.

Chuo kilikuwa na utaratibu wa kuwasaidia wanafunzi kama yeye, na utaratibu wenyewe ni aibu. Anayeomba kusomewa maswali alitakiwa kwanza asome fomu ya kurasa kumi na moja, aijaze kwa mkono wake, bila msaada, dirishani kwetu, kwa saa moja. Yaani asiyeweza kusoma haraka athibitishe hivyo kwa kusoma haraka. Binti alifika ukurasa wa nne, jasho likimtoka. Fomu ikagongwa muhuri wa HAIKUKAMILIKA, na ombi likakataliwa. Aliyegonga muhuri ni mimi. Nilifuata kanuni, kisha nikaenda kula bila wasiwasi wowote.

Shangazi aliichukua fomu ile akaiweka mezani mbele ya kamati ya mitihani. Aliwaambia ushahidi wanaoutaka ndio huo hapo. Wakamjibu kwamba kanuni ni kanuni. Siku ya mtihani alimwingiza binti stoo, akaketi naye katikati ya maboksi, akamsomea maswali yote neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Binti akapata sabini na moja.

Kamati ikafuta alama zile, ikampa Shangazi barua ya onyo. Barua hakuibishia. Alidai jambo moja tu: binti asomewe mtihani mpya na mhadhiri yeyote wanayemwamini wao. Wakamchagua yule yule aliyemwita mvivu. Binti akapata sabini na nne. Leo ana karakana yake, na jenereta ya chuo ikigoma tunampigia simu yeye.

Wiki iliyopita niliomba barua ile ya onyo itolewe kwenye faili la Shangazi kabla hajaondoka. Nimejibiwa kwamba hakuna utaratibu. Fomu nayo bado ina kurasa kumi na moja; kilichobadilika kwa miaka tisa ni rangi ya karatasi. Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha hasira hiyo kwa kuwa tu hili ni jarida la wafanyakazi.

Shangazi, ahsante. Wengi umetufundisha kazi, na mmoja wetu umemfundisha kuona aibu. Nenda kapumzike, ulale hadi jua lipande, na tunakuombea afya na furaha tele nyumbani kwako. Jumatatu kuna mwanafunzi mwingine anakuja dirishani kujaza fomu. Nitatoka nje, niketi naye, nimsomee kurasa zote. Ikitoka barua nyingine ya onyo, safari hii iandikwe jina langu.