Dada Mbio na Kutu Yangu

Ndugu wafiwa, majirani na wafanyakazi wenzake, nimekabidhiwa karatasi hii kwa kuwa mimi ndiye mdogo wake niliyeachiana naye ziwa, na atakayeona nampunguzia sifa anivumilie, nilianza kumpunguzia tangu utotoni.

Marehemu, mliyemwita Dada Mbio, alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akatembea akiwa na miezi tisa, jambo ambalo mama hakuchoka kunikumbusha mimi niliyetambaa hadi mwaka na nusu. Alisoma shule ya msingi 1955 hadi 1962, akashona sare katika kiwanda cha nguo kuanzia Januari 1965 hadi kustaafu 2003, na tarehe 9 Agosti 1969 akaolewa na fundi saa, ambaye, semeni mtakavyo, alianza kuja kwetu kwa ajili yangu. Walijaliwa watoto watatu, wote wana miguu yake.

Kila alfajiri alikimbia. Mei 2009 watafiti wa chuo walitupima damu sisi wawili, mkimbiaji na mkaa kitako, daktari akaeleza kuwa hewa tunayoitumia huacha kitu kama kutu mwilini, na mwili wa mwenye mazoezi ya kila siku huzoea na kujiwekea walinzi. Kutu yake ikawa ndogo kuliko yangu, basi roho ikaniuma, na asubuhi ya kipimo cha pili, tarehe 16, nikazunguka kiwanda mbio mara sita, nikafika kliniki natweta, kutu ikaonekana nyingi kuliko mwanzo. Daktari akauliza, bibi, umefanya nini, nikajibu nimelala tu. Kumbe anayekurupuka siku moja hujiongezea kutu, walinzi bado hawajaajiriwa. Dada aliona matope kwenye viatu nilivyovaa, vilikuwa vyake.

Kesho yake aligonga dirisha langu, akasema twende taratibu, mdogo wangu, na kwa miaka karibu kumi na minne yeye mkimbiaji alitembea mwendo wangu, nami nikidhani ananiringia. Mwaka 2011 damu yangu ikasifiwa, nikatangaza mtaa mzima, na ya viatu dada hakuyasema hata kwa mumewe.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumkesha, na washonaji wenzake walioshona nguo aliyovikwa leo. Viatu vyake nimeviomba kwa wanawe, safari hii kwa ruhusa. Pumzika kwa amani, dada yangu, na huko usikimbie sana, nakuja kwa mwendo wangu.