Mwanamke wa Karatasi

Niinueni, wanangu. Hapana, nilazeni tena. Sikilizeni upesi, maana jirani yetu Hashil katoka tangu alfajiri kwenda Wesha kumwita baba yenu, na kila nikisikia lori roho yanipaa.

Nyumba mgawane kwa sheria. Mikarafuu msiiguse mpaka msimu uishe, na pete zangu apewe Umkulthum bila ya ugomvi. Hayo mepesi. Thabit, fungua sanduku, chini ya kanga yangu ya kisutu, nipe ile karatasi.

Mtazameni huyu pichani. Uso mweupe, nyusi za kuchora, kitambaa cha zambarau kipajini. Niliikuta chini ya kanzu za baba yenu Nasor, nanyi wadogo, nikasema huyu ndiye mwanamke wake wa Unguja. Akaapa kuwa ilifungiwa mabakuli ya Kijapani, naye kaipendea rangi tu. Sikumwamini. Nikaipeleka kwa kadhi, nikarudisha mahari, nikajikhului, ndoa ikavunjika, nikakuleteni huku Mtambile, na kila mlipomuuliza baba nikakwambieni katuacha kwa ajili ya mwanamke.

Kisha akaja hapa Mjapani mmoja anayeuza kanga. Nikamwonyesha, anisomee jina la mwanamke yule. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ni mwanamme, mchezaji wa michezo ya kuigiza. Kwao wanaume ndio wanaocheza wanawake, na sura zao huchongwa kwenye ubao, zikapigwa chapa na kuuzwa sokoni. Kile kitambaa chaficha mahali aliponyolewa.

Nimemwonea wivu mwanamme mwenye upara! Chekeni, mna haki. Lakini huu ni mwaka wa saba tangu nijue, wanangu, na miaka yote hiyo nimenyamaza kwa kuona haya, naye yuko Wesha peke yake, hajaoa, watu wakimwita mzinzi kwa maneno yangu. Naogopa kwenda na jambo hili mbele ya Mungu.

Lori hilo? Chungulia, Thabit. Si yeye?

Basi asiponikuta hai, mwambieni nyinyi kuwa nilimsingizia, mbele ya watu, mlangoni pa msikiti. Mwambieni pia kuwa nilijua miaka saba. Msinifichie. Akishalijua hilo, ndipo mniombee radhi, na akikataa msimlaumu, mkamtunze tu. Mungu akupeni nyumba zenye kuaminiana, na vizazi vyenu... maji, mwanangu. Kidogo.

Lori linakuja, nalisikia. Umkulthum, nifunge kitambaa kichwani, nywele zimeniisha kwa homa, asinione hivi. Si hicho. Kile cha zambarau... atafahamu... mwacheni acheke.