Kitabu cha Hesabu cha Buthaina

Benchi letu liko Ibra, mji wa bara ya Maskati, ukutani mwa nyumba ya shangazi yangu Mabruka, upande unaopata kivuli baada ya alasiri. Mguu wake mmoja ni mfupi. Mimi ndiye niliyeutilia kipande cha kigae, kisha nikakibadilisha, kisha nikakibadilisha tena, na tangu hapo jina langu ni Sentimita. Shangazi anaitwa Mizani: kila Jumatano huuza viungo soko la wanawake, na hakuna jambo asilolipima. Kaka yake, Ami Hafidh, ni Redio, kwa kuwa hazimiki. Wa nne ni Tumu wa Korogwe, anayefanya kazi nyumba ya pili. Yeye ni Twisheni, maana kwake hata mkaa ukikataa kushika moto, dawa ni twisheni. Siku ile dele la kahawa lilikuwa limejaa, tende zipo, na mapajani mwangu vitabu vitatu vya hesabu vya kuazima.

Binti yangu Buthaina ana miaka minane. Daktari amesema asirudi skuli mwaka huu mpaka kifua chake kitengemae, kwa hiyo namsomesha nyumbani. Siku ya kurudi atapewa mtihani. Akishindwa hesabu atakaa darasa moja na mdogo wake. Asubuhi ile aliweka kalamu chini akaniambia, kwa upole, kama anayenipa pole: “Mama, mie kichwa cha hesabu sikupewa.” Na binamu yangu Hamed alikuwa anashuka Maskati kesho yake. Kitabu nitakachomtajia kabla ya magharibi, ndicho atakachoninunulia seti yake ya mwaka mzima.

— Taja kimoja kimoja, — akasema Ami Hafidh.

— Cha kwanza cha skuli, cha Kiarabu. Ndicho atakachotahiniwa, lakini kinakwenda mbio. Cha pili cha Kiingereza, kina picha na vipande vya mbao vya kuhesabia. Ila ukurasa mmoja wamechora matufaha kumi na moja, jibu wameandika kumi na mbili.

— Umeyahesabu?

— Mara tatu, Ami.

— Maskini Sentimita!

— Cha tatu cha Kiswahili, Tumu kaletewa na dada yake.

— Hicho ndo chenyewe! — Tumu akaruka. — Kina nyimbo. Mtoto wa dada, Mudrick, alikuwa hajui hata mbili na mbili. Akapata kitabu hicho na twisheni ya Jumamosi. Saa hizi anahesabu mpaka majirani wanakereka.

— Kitabu cha nini? — akasema Shangazi, akimimina kahawa. — Mpeni mizani na kilo ya bizari. Mie skuli sikusoma, nani kanipunja sokoni?

— Shangazi, mtihani hauna bizari.

— Ndo kasoro yake.

Ami Hafidh akainua kidole.

— Wahenga wamesema, kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake mtoto ahesabie vidole vyote, na vya miguu. Viatu ndivyo vilivyoua hesabu.

— Ami, methali hiyo ni ya kusaidiana.

— Na vidole havisaidiani?

— Mzee, tatizo si viatu, ni eisii, — akasema Tumu. — Watoto wa bosi wangu wanalala kwenye baridi ya kuhifadhia nyama. Namba zinaganda kichwani. Kwetu mtoto anasoma jasho linamtoka, na jibu linatoka nalo.

— Na chakula! — Ami akapokea. — Watu wa Sur kule pwani wanakula kichwa cha samaki, ndo maana kwa bei huwawezi. Sie huku twala mbuzi. Mbuzi umepata kumwona akihesabu?

— Mbuzi anajua wanawe wangapi, — akasema Shangazi.

— Ile si hesabu. Ile ni mapenzi.

Nikacheka nao, lakini kivuli kilikuwa kimeshavuka njia. Nikatoa karatasi ya asubuhi.

— Tazameni. Nilimsomea thalathini na saba, jumlisha ishirini na tano. Kaandika sabini na tatu, jumlisha hamsini na mbili. Akapata mia na ishirini na tano.

Ami akakunja vidole, midomo ikimcheza.

— Lakini sabini na tatu na hamsini na mbili ndiyo mia na ishirini na tano. Kajumlisha sawasawa!

— Sawasawa, kwa namba ambazo sizo. Kila moja kaigeuza.

— Ulimsomea kwa Kiarabu? — akauliza Shangazi. — Kwa Kiarabu inatangulia saba, ndipo thalathini. Kaandika alivyosikia.

— Nilisoma kwa Kiarabu. Aliponitazama nikarudia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Nilitaka awe na uhakika.

— Basi hiyo raundabauti! — akasema Ami Hafidh. — Kitabu cha Kiarabu chafunguka huku, cha Kiingereza chafunguka kule. Mtoto yuko katikati, magari yanamjia kila upande. Mnunulie kitabu kinachofunguka juu, kama kalenda.

— Au asome amelala chali, — akasema Tumu.

— Mwageni mawazo, — akasema Shangazi. — Penye wazee hapaharibiki neno.

Simu ikaita. Hamed. Nikaitazama mpaka ikanyamaza, kwa sababu kitabu kilikuwa bado hakijachaguliwa.

Hapo ndipo alipofika Rasha, bibi harusi wa jirani yetu Humoud, aliyeolewa kutoka mji wa Adam wiki chache tu zilizopita. Alikuwa anarudisha sahani ya Shangazi, na kwa adabu hakuirudisha tupu: ilikuwa na mikate ya ufuta.

— Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu.

— Marahaba, mwanangu, — akasema Shangazi. — Kaa. Tunamchagulia Buthaina kitabu cha hesabu.

Rasha akakaa ukingoni. Akavitazama vitabu, akatutazama sisi.

— Na yeye akihesabu peke yake, moyoni, anahesabu kwa lugha gani?

— Kiswahili, — akasema Ami Hafidh.

— Kiarabu, — akasema Shangazi, wakati huohuo.

Wakanigeukia mimi. Mimi ninayejua uzito wake na kipimo cha kila dawa yake, hilo sikulijua.

— Mwiteni mwenyewe, — akasema Shangazi.

Buthaina akatoka na kandambili zangu, akaamkia wote, akambusu Shangazi mkono. Shangazi akamuuliza.

— Inategemea nahesabu nini, — akasema. — Tende kwa Kiswahili, kwa sababu ni zako, Bibi. Rakaa kwa Kiarabu. Pumzi za ile dawa ya kuvuta kwa Kiingereza, kwa sababu mama ndiye anayehesabu.

— Na za kitabu? — nikauliza.

Akatazama kandambili.

— Za kitabu sihesabu. Namtazama mama. Akikunja hapa — akajigusa katikati ya nyusi — nafuta.

Nilijua kwamba paji langu lilikuwa limekunjika wakati uleule, na sikujua namna ya kulikunjua.

Nikampa kitabu cha skuli, nikamwonyesha ile hesabu ya asubuhi ilivyopigwa chapa. Kisha nikageuka juu ya benchi, nikaupa ukuta uso.

— Haya. Isome wewe.

— Kwa lugha gani?

— Uitakayo.

Nikasikia benchi linalia. Ami Hafidh alikuwa anageuka, magoti yake yakigonga ukuta. Kisha Shangazi, akimsukuma Tumu ampishe. Kisha Rasha. Tukawa sote tumeutazama ukuta, watu wazima watano, na mpita njia akatusalimia kwa mashaka.

— Thalathini na saba, — akasoma Buthaina nyuma yetu, kwa Kiswahili. — Jumlisha ishirini na tano.

Nikasikia kandambili zikisogea.

— Mama, usigeuke.

— Sigeuki.

— Babu anachungulia.

— Sichungulii, — akasema Ami, pua yake imeshagusa chokaa.

Nikasikia vidole vya Buthaina vikigonga jalada, taratibu, vikasimama, vikarudi nyuma, vikaendelea.

— Sitini na mbili? — akauliza.

Shangazi alinishika mkono kwa nguvu. Hakuna aliyegeuka wala aliyekohoa.

Akarudia kugonga, tangu mwanzo.

— Sitini na mbili, — akasema, na safari hii hakuuliza.