Kifua cha Jumatatu cha Kaka Thadeo

Baba paroko, wazee wetu, majirani wa hapa Butiama na ninyi wenzetu wa kiwandani mliotoka Bunda, naitwa Alfonce, mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja, familia imenipa karatasi hii niwasomee, na kuna maneno nimeyaongeza mwenyewe, mnivumilie.

Kaka yetu Thadeo Nyamburi Maige alizaliwa tarehe 14 Mei 1976 hapa hapa Butiama, akasoma shule ya msingi huko Mugeta kwa mama yetu mdogo kuanzia 1984 hadi 1990, akamaliza akiwa wa kwanza, nami niliyemfuata madarasa mawili nyuma nikarithi viatu vyake na sifa zake, maana kila mwalimu alikuwaga ananiuliza mbona siko kama Thadeo.

Julai 1998 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba wilayani Bunda, mimi nikaingia 2001, na huko nako wakamwita Kumi Kamili, kwa kuwa mafundi wengi wa mashine ile ya meno, inayotenganisha pamba na mbegu, walishapoteza vidole, yeye alikuwa navyo vyote, kwani hakuwahi kuingiza mkono kabla hajazima swichi, akaifunga kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Jamani, jina lile lilinichoma. Tarehe 28 Septemba 2002 alifunga ndoa na shemeji yetu Wankyo, wakajaliwa watoto watatu, Gati, Gody na Mary, harusi ambayo nilitangaza nyama haikutosha, na ilitosha.

Tarehe 19 Agosti 2009 pamba ilikwama, akaniambia nisubiri akafunge kufuli, nikasema moyoni leo nitamwonyesha kwamba mimi ni mwepesi kuliko yeye, na vidole viwili msivyoviona hapa niliposhika karatasi vilibaki mle. Nilipopona aliniombea kwa bosi nihamishiwe getini, nami nikaamini ananitoa ili ndani ang'are peke yake.

Basi mwaka 2013 alipoanza kubanwa kifua kila Jumatatu, tunaporudi kazini baada ya mapumziko, nikapata pa kumshikia, nikawaambia wenzetu kwamba hizo ni pombe za Jumapili, wakacheka, maneno yakafika zahanati ya kiwanda, naye akaambiwa aache kunywa, akapewa dawa ya kikohozi. Ndugu zangu, Thadeo hakunywa, Jumapili alikuwa kwaya. Mliosikia neno lile, lilitoka kwangu, ni uongo, niliusema kwa wivu, na leo naufuta mbele ya jeneza lake na mbele ya watoto wake.

Novemba 2024 hali ilizidi, tukampeleka hospitali mjini Musoma, daktari akatueleza kuwa ni vumbi la pamba la miaka ishirini na sita, na kwamba kule kubanwa kwa Jumatatu ndiko kulikuwa dalili ya mwanzo, tena nikapimwa na mimi wa getini, mapafu yangu yakakutwa safi. Nilipiga magoti kitandani pake nikamwambia yote. Alitafuta pumzi kwa muda, akasema, "Vidole vyako viwili vilitosha, Fonsi, kifua chako sikutaka wakichukue." Akavua ufunguo wake, akaniwekea kiganjani. Alifariki Jumatatu tarehe 10 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia siku zote tatu, na wenzetu wa kiwandani, nanyi nawaomba, mwenye kifua cha Jumatatu aende akapimwe, na atakayemcheka aje kwanza aniulize mimi. Nikiuona umati huu wivu unaniuma bado, sijui nikifa mimi atalia nani hivi, ila leo nimejua alistahili kuliliwa.

Pumzika kwa amani, kaka, vidole vyote kumi. Mashine imezimwa, kufuli limefungwa, ufunguo ninao mimi.